Mtoto Wako Anajenga Nini?

Mama msomaji, na wewe Baba, mtazame mtoto wenu huko nyuma ya nyumba. Ameokota vipande vya matofali na makopo matupu, naye anavipanga. Umemwita mara mbili, hasikii. Usimkaripie upesi. Keti kidogo, utazame kazi yake.

Anajenga ukuta. Ameweka tofali juu ya tofali, kama nguzo, na nguzo nyingine kando yake. Ukuta umeanguka. Anaanza tena. Labda mara ya nne ataliweka tofali la juu katikati ya yale mawili ya chini, liyashike yote mawili, na sasa ukuta utasimama. Kila mwashi wa Kamina anajua jambo hili, kwamba kiungo cha mstari wa juu kisikae juu ya kiungo cha mstari wa chini. Mtoto wako amelijua kwa mikono yake. Kisha anafika mwisho wa mstari, anaona pengo, na tofali zima halienei. Anatafuta nusu. Basi hapo ameingia katika hesabu. Siku mwalimu atakapoandika nusu ubaoni, mtoto huyu atakuwa amekwisha kuishika mkononi.

Walimu wa nchi nyingine waliliona jambo hili zamani. Mjerumani Friedrich Fröbel alianzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, akawapa vipande vya mbao wavijenge. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Caroline Pratt wa New York, aliyekuwa akifundisha useremala, alitengeneza vipande ambavyo shule nyingi bado zinavitumia. Kipande chake cha kawaida kina urefu wa sentimeta 14, upana wa 7, na unene wa 3.5. Angalia namba hizo vizuri: upana ni nusu ya urefu, na unene ni nusu ya upana. Mtoto akivipanga anakutana na nusu na robo kila mara. Nawe huna haja ya kuagiza kitu mbali. Mwombe seremala wa mtaa mabaki ya mbao, ayakate kwa vipimo hivyo, uyasugue kwa msasa.

Na watoto wa Kamina wanapenda kujenga nini? Gari la moshi! Msaidie kuweka stesheni katikati, kisha umwulize: reli inakwenda wapi? Moja inakwenda Bukama na kuendelea mpaka Lubumbashi. Nyingine inakwenda Kananga na Ilebo; njia hiyo ilimalizika mwaka 1928. Ya tatu inakwenda Kabalo, nayo ilifika huko mwaka 1956. Mtoto aliyezipanga njia tatu chini kwa vipande vya mbao hataiogopa ramani darasani. Tena anaposema naye anajifunza maneno: juu, chini, kati, mbele, refu kuliko. Wakiwa wawili, wanajifunza kungojana, na hilo wakubwa wengine bado hatujaliweza.

Sasa nataka kusema nawe, mama uliyeketi kando ya kitanda cha hospitali, ambaye mtoto wako alivimba miguu na nywele zikawa nyekundu kwa kukosa chakula chema. Unamnywesha maziwa yake kwa saa, vema. Lakini mtoto wa namna hii hulala kimya, hacheki, hatazami kitu, nasi twafikiri ni utulivu. Sivyo. Akili yake nayo ina njaa. Ndiyo sababu mashauri ya Shirika la Afya Duniani yanataka mtoto aliyedhoofika hivi achezeshwe kila siku, dakika 15 hata 30, pamoja na chakula na dawa. Kule Jamaika, mwaka 1986 na 1987, wahudumu wa afya walianza kuwatembelea watoto wadogo waliodumaa, saa moja kila juma, kwa miaka miwili, wakiwafundisha mama zao kucheza nao. Watoto hao walipokuwa watu wazima wa miaka 22, mapato yao yalizidi kwa asilimia 25 yale ya wenzao waliodumaa bila kutembelewa. Ni saa moja tu kwa juma! Kwa hiyo nikikuletea maboksi matupu kitandani, usiseme muuguzi analeta mchezo mahali pa wagonjwa.

Mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu hivi huweza kuweka kipande kimoja juu ya kingine. Wa miaka miwili hufikisha kama sita. Wa miaka mitatu hujenga daraja. Wako akichelewa sana, mlete siku ya kupima watoto, tumtazame.

Kipande kisiwe kidogo hata kuingia chote kinywani, maana kitamkaba. Usipake rangi ya zamani, kwa kuwa huenda ina risasi, nayo ni sumu inayoharibu akili. Usimpe mawe ya redio wala boksi lililokuwa na dawa ya panya. Vipande vioshwe kwa sabuni, vianikwe juani. Na bukari ikiwa tayari, avikusanye mwenyewe kikapuni, vikubwa kwa vikubwa na vidogo kwa vidogo, kisha anawe mikono, aje ale.