Kutafuta mchumba mbele ya kamera: mambo ambayo vijana wa Lubumbashi wanapaswa kujua

Njia ya zamani ya kuoa inajulikana na kila familia ya Lubumbashi. Kabla mali haijatolewa, wazee wanauliza: huyu kijana ni mtoto wa nani, anafanya kazi gani, ameacha mke wapi? Kwa Wabemba kuna hata mtu wa kazi hiyo, shibukombe, anayekwenda na kurudi kati ya familia mbili.

Televisheni imeleta njia ya mkato. Mwanamume anaingia studio, wasichana wamejipanga, watu wanapiga makofi, na baada ya muda mfupi wawili wanatoka wakishikana mikono. Kipindi cha Hello Mr. Right cha kampuni ya StarTimes kimetengenezwa Kenya, na pia Zambia, ng'ambo tu ya Kasumbalesa. Vijana wa huku wanaviangalia vipindi vya namna hii kwa dishi na kwa simu, na wengine wanatamani kwenda kujaribu bahati yao. Lakini yaliyowapata waliotangulia yanaonyesha kwamba kuna mambo ya kuangalia kwanza.

Nani amemchunguza?

Mwaka 1978, nchini Marekani, mwanamume anayeitwa Rodney Alcala alishiriki katika kipindi cha The Dating Game, akachaguliwa na msichana. Waliotengeneza kipindi hawakugundua kwamba alikwisha kuhukumiwa kwa kumshambulia mtoto. Wala hawakujua kwamba alikuwa tayari ameua wanawake. Ukweli huo ulitokea baadaye mahakamani, na Alcala alikufa akiwa mfungwa mwaka 2021. Kilichomwokoa msichana yule ni moyo wake mwenyewe: baada ya kipindi alikataa kutoka naye.

Siku hizi makampuni mengi yanasema yanachunguza washiriki. Hata hivyo, kazi yao ya kwanza ni kupata kipindi kinachopendwa na watazamaji. Shangazi anayeulizia mkwe hana watazamaji wa kufurahisha.

Mkataba unasema nini?

Mwaka 2022, Jeremy Hartwell, aliyeshiriki katika Love Is Blind, kipindi kinachoonyeshwa na Netflix, aliwashitaki watengenezaji wake. Alidai kwamba washiriki walinyimwa chakula na usingizi wa kutosha huku pombe ikiwa tele. Alidai pia kwamba mkataba ulitishia kuwatoza dola 50.000 wakiondoka kabla ya kazi kuisha. Watengenezaji walikana madai hayo, lakini mwaka 2024 kesi ilimalizika kwa makubaliano ya kulipa dola milioni 1,4.

Mtu mwenye njaa, usingizi na pombe kichwani hawezi kupima vizuri mtu wa kuishi naye. Na asiyeweza kuondoka bila deni hayuko huru kusema hapana.

Kamera zikizimwa

Nchini Uingereza, washiriki wawili wa zamani wa Love Island walijiua: Sophie Gradon mwaka 2018 na Mike Thalassitis mwaka 2019. Sababu za mtu kujiua ni nyingi, na si haki kutupa mzigo wote juu ya kipindi kimoja. Lakini watu walipouliza maswali, televisheni ya ITV ilitangaza mwezi wa 5 mwaka 2019 kwamba kila mshiriki atapewa angalau vikao vinane vya kuzungumza na mtaalamu akirudi nyumbani.

Msichana wa Katuba au Kamalondo akichekwa na kukataliwa mbele ya watu, nani atampa vikao hivyo? Video yake itazunguka kwenye WhatsApp, itafika sokoni, kanisani na kwa wakwe wa kesho. Sheria ya mambo ya dijitali ya mwaka 2023 inalinda habari za mtu binafsi, lakini ukishatia sahihi kwamba picha zako zionyeshwe, ni vigumu kuzirudisha.

Sheria ya Kongo haijui ndoa ya studio

Pete ya televisheni si ndoa. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka wote wawili wawe na miaka 18, wakubali wenyewe, na familia zipatane juu ya mahari. Ndoa ya leta inaandikishwa komini. Uchumba wenyewe, hata ukitangazwa mbele ya watu milioni, haumlazimishi mtu kuoa. Kwa hiyo anayeacha kazi au kufunga safari kwa sababu ya ahadi ya kwenye kipindi anaweza kurudi mikono mitupu.

Kwa anayetaka kujaribu, kuna mambo manne ya kufanya kabla ya kupanda basi. Ampe avoka mkataba ausome. Aulize kama anaweza kuondoka bila kulipa. Aulize nani atamsaidia baada ya kipindi. Na akichaguliwa, awaachie baba mdogo na shangazi wafanye kazi yao ya kuuliza, hata kama kipindi kimekwisha kutangaza harusi.