Likizo ya Theluji kwa Wakwe wa Ufini

Siku hizi ni nadra kupata nyumba ya Mwambao isiyokuwa na mtoto wake ng'ambo. Wengi wako Ghuba na Uingereza. Wetu yuko Ufini: binti wa ami yetu, aliyeolewa na kijana wa huko aliyesilimu. Disemba iliyopita, shule zilipofungwa, tulifunga safari kwenda kumzuru kwa majuma mawili, mama yetu mzazi na watoto wakiwemo. Kila aliyetuaga Mombasa alituhofia baridi. Kumbe mtihani ulikuwa kwingine: mama mkwe wa dada yetu, bibi mjane wa dhehebu la Kilutheri, alikuwa ametualika sote kula kwake jioni ya tarehe 24.

Kwa Wafini tarehe hiyo ndiyo sikukuu yenyewe kuliko hata 25. Saa 6 mchana hutangazwa amani ya Krismasi katika mji wa kale wa Turku. Baadaye watu huenda makaburini kuwashia maiti wao mishumaa juu ya theluji, huoga sauna, kisha hukaa mezani, na katikati ya meza huwekwa paja la nguruwe lililookwa. Ni ibada yao na ada yao, wala hatuna la kuwalaumu. Lakini mbele yetu palikuwa na mambo mawili yanayovutana: kushiriki sikukuu ya dini isiyo yetu, au kumvunja moyo mama wa Muislamu mwenzetu.

Aliyekuwa na uzito zaidi kifuani ni shemeji. Tangu asilimu, mama yake alidhani Uislamu umemnyang'anya mwanawe, na kukataa kwetu kukavu kungemthibitishia dhana hiyo. Sheria nayo haikutuacha gizani. Asmaa binti Abubakar, radhi za Allah zimshukie, alipojiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, alimwuliza Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, naye akamwamuru amuunge mama yake. Basi tulikaa kitako, mama yetu akatoa rai iliyotutosha wote: kuliko kumwambia bibi kwamba hatuji, tumwambie tunakuja lini.

Ikawa tarehe 26. Hiyo Wafini huiita Tapaninpäivä, siku ambayo wao wenyewe huitumia kutembeleana. Na asubuhi ya tarehe 24 shemeji alikwenda peke yake kwa mama yake, akamwondolea theluji mlangoni na kumsindikiza kwenye kaburi la marehemu baba yake. Bibi alipoelezwa alinyamaza kitambo. Wafini ni watu wa kunyamaza, na mgeni asidhani amechukiwa. Kisha akauliza swali moja tu: mnakula nini?

Tulipofika tulivua viatu mlangoni, ada yao sawasawa na yetu. Mezani palikuwa na samaki aina ya salmoni, viazi, karoti zilizopondwa na kuokwa, na uji mzito wa mchele uliopikwa kwa maziwa na kunyunyizwa mdalasini. Ndani ya uji huo hufichwa lozi moja, na atakayeipata huhesabiwa kuwa mwenye bahati. Watoto walikula bakuli tatu tatu wakiitafuta. Tulipoingia jikoni kuosha vyombo, tuliona sufuria na trei zote ni mpya. Moja ilikuwa bado na karatasi ya bei chini yake. Hakutaka kutupikia katika vyombo vilivyopitiwa na nguruwe, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Mama yetu alikishika kile kitrei muda mrefu.

Sasa tuseme juu ya ibada, maana ndilo tunaloulizwa mno tangu turejee. Helsinki mwishoni mwa Disemba jua huchomoza karibu saa 3 na nusu asubuhi na kuchwa kama saa 9 na robo alasiri. Adhuhuri na Alasiri haziachani hata saa moja. Mtu akishughulika na vitambaa vya watoto, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi humpita zote kama treni. Nasi, kwa madhehebu yetu ya Shafii, hatukuweza kupunguza wala kukusanya, kwa kuwa mwenye kunuia kukaa siku 4 kamili, bila ya siku ya kuingia na ya kutoka, amekwishakuwa mkaazi. Khuffu za ngozi zilitufaa sana. Mkaazi hupangusa juu yake mchana na usiku mmoja, maadamu amezivaa akiwa na udhu. Soksi nyembamba za dukani hazitoshi.

Fadhila yake ni saumu. Alfajiri huingia kama saa 12 na nusu asubuhi, hivyo mfungaji hakai hata saa 9. Dada yetu hungoja Disemba kila mwaka kulipa siku zake za Ramadhani, nasi wanawake wa safari tukalipa pamoja naye, tukifuturu kwa tende tulizotoka nazo nyumbani. Asiyewajua wenyeji asiwaonee wivu: mwezi wa Juni jua hukaa juu karibu saa 19.

Wala Uislamu huko si mgeni wa juzi. Wafanyabiashara wa Kitatari kutoka Urusi waliingia tangu karne ya 19, jumuiya yao ikasajiliwa mwaka 1925, na huko Järvenpää, kaskazini ya Helsinki, wana msikiti wao wa mbao wenye mnara. Wasomali walifuata kuanzia miaka ya 1990. Nyama ya halali hupatikana, hasa mashariki ya Helsinki. Kwenye peremende na vitamutamu soma pakiti: liivate ni jelatini, na sianliha ni nyama ya nguruwe.

Lililobaki ni sauna. Bibi aliwaalika wanawake, na wao huingia bila nguo. Mama yetu alijifunga leso mbili, akampa mwenyeji wake moja, na mwenyeji akajifunga bila ya neno. Ndani ya mvuke, dada yetu akiwafasiria, bibi alieleza kuwa zamani wanawake wa Kifini walijifungulia humo humo, kwa kuwa ndipo mahali palipokuwa na joto na maji safi. Mama naye akamweleza mzazi wa kwetu anavyokandwa kwa maji ya moto na kufukizwa hadi arubaini. Wakaulizana idadi ya watoto, na waliokufa wachanga. Kila mmoja alikuwa amezika mmoja.

Walipotoka, bibi hakuirudisha leso. Aliikunjua mbele ya taa na kuuliza yale maandishi ya chini yanasema nini. Dada yetu alianza kufasiri, akakwama, akaanza tena.