Lira ya Wagiriki na Asili ya Istilahi 'Lirika'

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, istilahi 'lirika' hutumiwa aghalabu kwa maana ya shairi fupi linaloeleza hisia za nafsi. Maana hiyo si potovu, ila imekisahau chombo kilichoizaa, yaani lira, ala ya nyuzi ya Wagiriki wa kale. Makala haya yanakusudia kuifafanua ala hiyo na kubainisha umuhimu wake kwa mwanafunzi wa ushairi.

Kikuza sauti cha lira kilikuwa gamba la kobe lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Humo ilichomoza mikono miwili ya pembe au mti, iliyounganishwa juu kwa kijiti kilichokingama. Nyuzi, ambazo kwa kawaida zilikuwa 7, zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Kwa kuwa urefu wake ulikaribiana, sauti zilitofautishwa kwa unene na mkazo. Mpigaji alizikwaruza kwa kipande cha pembe au mfupa katika mkono wa kulia, huku vidole vya kushoto vikizituliza au kuzidonoa.

Lira ilikuwa na jamaa zake. Kithara, iliyoundwa kwa mbao, ilikuwa kubwa zaidi na ilipigwa na mafundi katika mashindano kama yale ya Delphi. Barbitos, yenye mikono mirefu na sauti nzito, huhusishwa na Sappho na Alcaeus, washairi wa kisiwa cha Lesbos walioishi mnamo mwaka 600 K.K.

Washairi hao walitunga ili waimbe. Baadaye, wataalamu wa Alexandria nchini Misri waliwaorodhesha washairi 9 wa lirika na kuhifadhi maneno yao, mahadhi yakapotea. Hivyo, kilichokuwa wimbo kikabaki kuwa maandishi ya kusomwa kimya.

Nchini Kenya, nyatiti ya Waluo, litungu ya Wabukusu na obokano ya Abagusii zina muundo uo huo wa mikono miwili na kijiti, na mpigaji wake ndiye mwimbaji. Tenzi na mashairi ya Waswahili nayo hughaniwa kwa mahadhi. Basi anayeifasili lirika kwa kigezo cha hisia pekee huwa ameacha nusu ya maana yake. Hana budi pia kuuliza: shairi hili huimbwaje?