Kuilea Bahari Sebuleni: Ujenzi wa Tangi Kubwa la Matumbawe

Tumbawe ni mnyama, ingawa wengi wanaoliokota ufukweni likiwa limekauka hulidhania kuwa jiwe. Kinachookotwa ni mifupa tu, yaani jengo la chokaa lililoachwa na viumbe wadogo waitwao polipi, ambao kila mmoja ana mdomo na duara la vikono laini vya kunasia chakula, na ambao huishi bega kwa bega wakiwa wameunganishwa kwa nyama moja. Ndani ya nyama hiyo huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula chake, nao hupata makazi pamoja na mbolea itokanayo na taka za mnyama huyo. Kwa sababu ya ushirika huo, anayetaka kufuga matumbawe nyumbani ana mambo matatu ya kutimiza kwa wakati mmoja: mwanga mkali wa kuutosha mwani, maji safi yanayotembea bila kusita, na madini ya kujengea mifupa. Tangi la matumbawe ni jitihada ya kuyaweka mambo hayo katika mizani kwa miaka mingi, na kila anayelianzisha hana budi kuwa mfugaji wa maji kabla hajawa mfugaji wa samaki.

Ufugaji huu umepita njia ndefu. Jumba la kwanza la kuonyeshea samaki hadharani lilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1853, lakini kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye matumbawe yaliyotiwa katika matangi yaliendelea kufa upesi, kwa kuwa maji yalichafuka haraka kuliko watu walivyoweza kuyasafisha. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta nchini Indonesia, alieleza katika jarida la wafugaji wa samaki la Marekani namna alivyoyaweka hai matumbawe kwa kutumia mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe wake, na hewa kidogo ya kuyatikisa maji. Wafugaji wa Ujerumani, hasa wa jiji la Berlin, akiwamo Dietrich Stüber, waliiendeleza njia hiyo katika miaka ya 1970 na 1980 kwa kuongeza taa kali, chombo cha kukamua povu na maji ya chokaa, na mpango huo, unaojulikana mpaka leo kwa jina la jiji hilo, ndio msingi wa matangi mengi ya matumbawe majumbani.

Hesabu ya kwanza ni ya uzito. Tangi lenye urefu wa sentimita 200, upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 70 huchukua lita 1,120 likijazwa hadi ukingoni, na kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari huzidi kilo moja kidogo, maji peke yake hukaribia kilo 1,150. Vioo vya unene wa milimita 19 huongeza zaidi ya kilo 250, na mawe, mchanga na meza ya chuma huifikisha jumla kwenye tani moja na nusu au zaidi, juu ya eneo lisilotimia mita mbili za mraba. Sakafu za ghorofani katika nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba, na kwa hiyo tangi la namna hii huwekwa chini, juu ya zege lililomwagwa ardhini, au mahali palipokaguliwa na mhandisi. Chini ya meza hiyo hukaa tangi la pili, dogo zaidi. Maji ya juu hufurika kupitia kizingiti kilichokatwa kwenye kioo cha nyuma, hushuka kwa bomba hadi tangi la chini, husafishwa humo, kisha hurudishwa juu kwa pampu. Pampu inapozimika ghafla, maji yote yaliyo juu ya kizingiti na ndani ya mabomba hushuka, hivyo tangi la chini huachiwa nafasi ya kuyapokea, na jaribio la kuzima umeme kwa makusudi hufanywa siku ya kwanza kabla ya chumvi kutiwa, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki.

Katika tangi la chini ndimo kinamofanyia kazi chombo cha kukamua povu. Chombo hicho huchanganya maji na vipovu vya hewa vidogo mno, ambavyo taka zenye asili ya protini huvishikilia na kupanda navyo hadi kwenye kikombe cha juu, ambamo hugeuka kuwa maji yanayofanana na chai ya rangi iliyokolea, yenye harufu nzito. Kila kikombe kinachomwagwa ni uchafu ulioondolewa kabla haujaoza. Maji yenyewe hutengenezwa kwa maji baridi yaliyosukumwa kupitia utando mwembamba unaozuia madini, kisha yakatiwa chumvi maalumu ya bahari kwa kiasi cha gramu 35 kwa lita, na tangi la mfano huu, nafasi ya mawe ikishatolewa, huhitaji zaidi ya kilo 30 za chumvi. Maji yanapofuka hewani chumvi hubaki, na ndiyo sababu kila siku kinachoongezwa ni maji baridi peke yake.

Hatua inayoamua uzuri na uhai wa tangi ni kupanga mawe, na hufanywa tangi likiwa bado kavu. Zamani mawe yalirundikwa kama ukuta kuegemea kioo cha nyuma, kuanzia chini hadi juu, na matokeo yake ni kwamba uchafu ulituama nyuma ya ukuta huo mahali ambapo hakuna mkono wala mkondo ulioweza kufika. Siku hizi fundi hukata boksi la karatasi ngumu kwa vipimo vya sakafu ya tangi, hulitandika chini, huchora mstari sentimita 15 ndani ya kingo zake ili aache njia ya kusafishia vioo, kisha hujenga ndani ya mstari huo. Huchagua mawe mepesi yenye matundu mengi, huyageuza na kuyageuza tena mpaka yakaliane, hutoboa yanayobeba mengine na kuyapitishia vijiti vya plastiki, hujaza viungo kwa gundi isiyo na sumu, na mwisho hulaza kiganja juu ya jengo na kulielemea. Likitikisika, hubomolewa na kuanzwa upya, kwa sababu jiwe la kilo tano likianguka ndani ya maji linaweza kupasua kioo. Mawe ya msingi hukalishwa juu ya sakafu ya tangi yenyewe na mchanga humwagwa baadaye, ili samaki na kamba wenye tabia ya kuchimba wasije wakaondoa mchanga uliobeba jengo.

Umbo linalopendeza kwa kawaida ni visiwa viwili visivyolingana, kimoja kikichukua karibu theluthi mbili za mawe yote, na kilele chake kikikwepa katikati ya tangi. Kati ya visiwa hivyo huachwa mlango wa mchanga mtupu, mpana mbele na unaobanana kadiri unavyokwenda nyuma, ambao humfanya mtazamaji aone umbali mkubwa kuliko ule uliopo. Mlango huo unafanana na milango ya miamba ambayo manahodha wa pwani hupitishia majahazi yao, na kazi yake haiishii kwenye macho, kwa kuwa mkondo unaosukumwa na pampu hupita hapo na kuzunguka kila kisiwa pande zote, ukiyaletea matumbawe chakula na kuyaondolea taka, maana yenyewe hayawezi kuhama. Vilele huachwa sentimita 20 au zaidi chini ya uso wa maji, kwani matumbawe yataendelea kukua kwenda juu. Chini ya mawe yanayochomoza huachwa mapango, na kila samaki hujitwalia lake la kulala.

Maji yakishatiwa, huja wakati wa kungoja. Taka za viumbe hutoa amonia, ambayo ni sumu, na kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni hatari, kisha kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Ndani kabisa ya matundu ya mawe, ambako oksijeni haifiki, bakteria wengine huivunja naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayotoroka hewani. Makundi ya mwanzo huchukua wiki nne hadi sita kuenea, na katika muda huo mawe hufunikwa na utando wa kahawia, halafu mwani wa kijani, hali inayowatia wengi kishawishi cha kumimina dawa, ilhali konokono wachache na subira ndiyo tiba.

Matumbawe hupandwa baada ya hapo, kila moja mahali pake. Yale ya matawi yaitwayo akropora huwekwa vileleni penye mwanga na mkondo mkali, na yale laini yenye umbo la uyoga huwekwa chini penye kivuli. Nafasi kati yao ni muhimu, kwa sababu matumbawe hupigana: usiku baadhi hurefusha vikono vyenye sumu na kumuunguza jirani aliye sentimita nyingi mbali.

Mifupa yao huhitaji kalsiamu, ambayo hudumishwa kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na hapo ndipo maji ya chokaa yanapoingia. Chokaa safi, kama gramu moja na nusu kwa lita, huyeyushwa katika maji baridi na kudondoshwa tone kwa tone, hasa usiku. Wajenzi wa Kilwa, Lamu na Unguja walichoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea nyumba zao za mawe. Mfugaji huirudisha chokaa majini ili mnyama ajenge nyumba yake.

Samaki huja mwisho na kwa uchache. Tafi na kangaja hutunza usafi kwa kula mwani, lakini vitatange wengi hudonoa polipi, na chewa humeza wenzake wadogo. Kwa wakazi wa Mombasa au Dar es Salaam, tatizo kubwa ni joto, kwa kuwa maji yanayofaa ni ya nyuzi 24 hadi 27, na yakizidi mno tumbawe huufukuza mwani wake na kubaki jeupe, kama ilivyotokea katika miamba ya Afrika Mashariki mwaka 1998; hivyo mashine ya kupoza maji na umeme wa akiba ni sharti.

Matumbawe ya kupanda hayapaswi kung'olewa baharini. Yale magumu yamo katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, na Mafia, ya mwaka 1995, zipo kwa ajili ya kuyalinda. Njia ya halali ilionyeshwa na wafugaji wa Berlin, ambao walikata vijitawi vya akropora zao na kugawiana. Kijitawi cha sentimita tatu kilichogandishwa juu ya jiwe hukaa wiki kadhaa bila dalili yoyote, kisha nyama yake huanza kutambaa juu ya jiwe kama nta inayoyeyuka, nyembamba na yenye ukingo mweupe, na kutoka katika ukingo huo huchipua matawi mapya. Siku tawi hilo linapokuwa kubwa kiasi cha kukatwa na kupewa jirani, tangi huwa limeacha kuitegemea bahari, na mwenye tangi huwa amestahili kuitwa mfugaji.