Daraja lililoumizwa makusudi

Sogeeni, wajukuu zangu, niwape habari za daraja lililoumizwa kidogo kidogo ili watu wapate elimu.

Lilikuwa Uswisi, likikatiza juu ya barabara kuu ya Bern kwenda Zürich. Jina lake halikuwa na madoido: Z24. Lilijengwa mwaka 1963 kwa zege lililokazwa kwa nyaya za chuma. Miaka ya 1990 ikaamuliwa libomolewe, si kwa ubovu, ila reli mpya ilihitaji nafasi. Wataalamu wakaomba waachiwe kwanza walichunguze.

Daraja hutetema hata likionekana limetulia tuli. Z24 lilicheza juu na chini karibu mara 4 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini vihisi vilivyofungwa juu yake viliona. Ngoma mnaijua: ngozi ikikazwa hulia sauti nyembamba, ikilegea hulia nzito. Daraja nalo likipata nyufa hulegea, mtetemo wake ukapungua kasi.

Haya, limelegea. Wapi? Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Daraja huchorwa humo likagawanywa vipande vingi vidogo, kila kimoja na ugumu wake, kisha kompyuta ikakokotoa: daraja la namna hii litatetema mara ngapi, na litajipinda vipi? Jibu la kwanza halilingani na vipimo. Msimwamini atakayewaambia lake lililingana! Basi ugumu wa vipande hurekebishwa, huku ukiongezwa, kule ukipunguzwa, mpaka daraja la kompyuta liteteme kama lile la zege.

Mwaka 1998 wakaikata nguzo moja, wakaishusha kwa jeki, hatua kwa hatua, hadi milimita 95. Zege la juu yake likapasuka. Wakapima tena, wakarekebisha tena. Safari hii kompyuta haikukubaliana na vipimo mpaka ugumu wa vipande fulani upunguzwe sana, na vipande hivyo vilikuwa karibu na nguzo ile ile. Hakuna aliyeionyesha kidole. Mtetemo peke yake ndio uliosema.

Ila baridi nusura iwachezee shere. Ngoma hukazwa kwa moto. Z24 lilikazwa na barafu. Joto liliposhuka chini ya sifuri, lami iliganda ikawa ngumu, daraja zima likatetema haraka zaidi, na mabadiliko hayo yalizidi yale yaliyoletwa na nyufa. Asiyepima joto angesema mgonjwa amepona. Kwangu mimi, hilo lina thamani kuliko ile milimita 95, maana nyufa walizitengeneza wenyewe, lakini baridi haikumwomba mtu ruhusa.

Mwaka huo huo daraja likabomolewa. Vipimo vyake vimebaki, na watafiti wa nchi nyingi huvitumia hadi leo wanapojaribu mbinu mpya.