Silaha ya Porini, Kutoka Hanang Hadi Bonde la Yaeda (Sehemu ya Pili): Kuua ni Kimoja, Kuzuia ni Kingine

Katika sehemu ya kwanza tuliangalia bastola kubwa ambazo wawindaji na wafugaji wa Marekani hujifunga kiunoni wanapoingia kwenye misitu yenye dubu. Kwa wale ambao gazeti lile limekwisha kufungiwa maandazi, nirudie kwa ufupi. Bastola ya silinda inapendwa porini kwa sababu risasi moja ikigoma unavuta triga tena na silinda inajizungusha yenyewe kuleta nyingine, na kwa sababu inakubali risasi hafifu na risasi kali bila kununa. Mwaka 1955 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola ya .44 Magnum, na aliyewasumbua hadi wakaitoa ni Elmer Keith, mfugaji wa Idaho ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijijazia risasi mwenyewe na kutia baruti kuliko viwanda vilivyothubutu. Kujaza upya ni kuokota ganda la shaba lililokwisha kupigwa, kulirudisha umbo lake, kulitia fataki mpya na baruti ya kipimo, kisha kulipachika kichwa kipya cha risasi.

Hayo ni ya kwao. Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni, na mchungaji wa Yaeda Chini au wa Basotu hana duka la fataki jirani hata kama angeruhusiwa. Lakini swali analojibu Keith si la Marekani peke yake. Mtu mmoja, kwa miguu, mbali na barabara, abebe nini? Na kile anachokitupa kikipotea vichakani, atapata wapi kingine? Hapa Mbulu na Hanang swali hilo lilijibiwa kabla shaba ya ganda haijafika, tena na jamii mbili zisizokubaliana: Wahadzabe wa Bonde la Yaeda kwa upinde, na Wabarabaig wa chini ya Mlima Hanang kwa mkuki.

Tuanze na upinde. Wahadzabe ni watu elfu moja na mia kadhaa tu, na ni sehemu ndogo yao ambayo bado inategemea zaidi nyama ya porini, asali, mizizi, ubuyu na matunda. Mwanamume Mhadzabe anautengeneza upinde wake mwenyewe na hauazimi ovyo. Unakaribia kimo chake, na upote wake ni kano za mnyama zilizosokotwa. Frank Marlowe, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi miongoni mwao tangu mwaka 1995 na kuandika kitabu juu yao mwaka 2010, alizipima pinde hizo akakuta kwamba kwa wastani kuuvuta upinde mpaka mwisho ni sawa na kunyanyua takriban kilo 30. Kijana wa mjini anayebeba ndoo ya maji ya lita ishirini akadhani ana nguvu, ajaribu kuuvuta huo na kuushikilia huku swala anamtazama.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wa bastola kali hukosea, na ndipo Mhadzabe hawezi kukosea. Duka linaweza kukuuzia silaha inayokushinda. Msitu hauwezi, kwa kuwa upinde unaokushinda kuuvuta utaujua siku ileile unapouchonga. Mvulana wa Kihadzabe huanza na kijiupinde akiwa bado mdogo sana, akafukuzia ndege na panya karibu na kambi, na upinde wake unakua pamoja na mabega yake.

Mishale ndiyo yenye habari kubwa. Ukikaa kambini mchana, utawakuta wanaume wamekaa kivulini na kazi ya mikono yao ni hiyo tu, mishale. Mti wa mshale hukatwa kutoka kwenye vijiti vyembamba, mkole ukiwemo, mti uleule ambao matunda yake huliwa kwa viganja msimu wake ukifika. Kijiti humenywa gome, hukaushwa, kisha hupitishwa juu ya makaa. Kikishapata joto, fundi hukitia mdomoni, akakibana kwa meno pale penye kibiongo na kukikunja taratibu, akakitoa, akakiweka jichoni kama anayechungulia kwenye bomba, akakirudisha tena motoni. Atafanya hivyo mpaka kijiti cha karibu mita moja kinyooke kama kamba iliyovutwa. Upande wa nyuma hukatwa kijipasuo cha kukaa upote, na manyoya ya kanga au ya tai hufungwa kwa nyuzi za kano zilizolowanishwa kwa mate, ambazo zikikauka hujibana zenyewe.

Chembe cha mshale siku hizi ni msumari. Si lazima moto. Msumari mrefu wa kupigilia mapaa huwekwa juu ya jiwe na kugongwa ukiwa baridi mpaka ubapa utokee, kisha hunolewa kwenye jiwe jingine. Kugonga chuma kikiwa baridi hukifanya kigumu zaidi, jambo ambalo mafundi wa viwandani nao wanalijua na kulitumia. Vyuma vingine huja kwa wahunzi wa Kidatoga, kwa kubadilishana na asali, nyama au ngozi. Mshale ukikosa shabaha, mwindaji hauachi. Ataufuata majanini hata kama umechukua dakika za kutosha kumpoteza mnyama mwingine. Ukiwa umevunjika, chembe hutolewa na kupachikwa mti mpya. Elmer Keith angemwelewa mtu huyu bila mkalimani.

Tena mishale haifanani. Ya ndege na wanyama wadogo ni mti mtupu uliochongwa ncha, kwa sababu hakuna mwenye akili anayepoteza msumari kwa kwale. Ya wanyama wa kati ina chembe kipana kisicho na sumu, ambacho kazi yake ni kukata na kutoa damu. Ya wanyama wakubwa, pundamilia, tandala, twiga, ina sumu, nayo hufungwa kipande cha ngozi juu ya sumu ili isikauke wala isimkwaruze mwenye mshale. Mwindaji wa Kihadzabe kwa kawaida hana podo. Mishale yote huishika mkononi pamoja na upinde, na anapomwona mnyama kidole kinachagua kabla jicho halijamaliza kutazama.

Sumu hiyo hutoka kwenye mimea miwili ya huko, mmojawapo ukiwa ule wa shina nene lililovimba na maua ya rangi ya waridi ambao watu wa mjini wanaupanda kwenye vyungu barazani bila kujua jirani yao ni nani. Namna ya kuitengeneza si kazi ya gazeti. Inavyofanya kazi inatosha: huingia kwenye damu na kuuvuruga moyo mpaka ukasimama. Ikiliwa pamoja na nyama iliyopikwa haimdhuru mlaji, na nyama ya pale mshale ulipoingia hukatwa na kutupwa.

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Sumu inaua, lakini haizuii. Twiga aliyepigwa mshale wa sumu hukimbia kama vile hakuna kilichotokea. Mwindaji hamfukuzi. Hurudi kambini, husubiri saa kadhaa, wakati mwingine mpaka asubuhi, kisha huchukua wenzake na kufuata nyayo. Kwa chakula, subira hiyo haina hasara. Lakini mnyama akiwa ni simba, na anakuja kwako, saa kadhaa ni nyingi mno. Mshale ulio bora kuliko yote katika bonde la Yaeda, mkononi mwa mtu anayeujua, hautamsimamisha mnyama aliyekusudia kukufikia.

Na bado Wahadzabe huwanyang'anya simba nyama. Mwaka 1988 watafiti James O'Connell, Kristen Hawkes na Nicholas Blurton Jones walichapisha matokeo ya miezi mingi waliyokaa nao karibu na Ziwa Eyasi, wakionyesha kwamba takriban mzoga mmoja kati ya mitano ya wanyama wakubwa walioupata haukutokana na mishale yao bali ulichukuliwa kwa simba, chui au fisi. Usiku husikiliza simba wanakounguruma na fisi wanakolia. Mchana hutazama tai wanapozunguka. Kisha huenda, wakiwa kundi, wakipiga kelele, pinde mkononi, na mara nyingi mwenye mzoga huondoka.

Huo ni ujasiri, lakini ni ujasiri wenye hesabu. Hawaendi peke yao, hawaendi kimya, na wanaenda wakati ambao wao wanaona vizuri. Upinde pale ni dhamana tu. Ningependa kila mtu anayeulizia bastola kubwa kuliko zote asome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kwenda polisi kuomba leseni.

Wabarabaig walichagua njia nyingine. Hawa ni tawi la Wadatoga, wafugaji wa ng'ombe, na mfugaji hana nafasi ya kumsubiri simba afe kesho. Simba yupo zizini sasa hivi. Silaha yao ni mkuki, kwa hiyo kazi lazima ifanyike kwa hatua chache, kwa uzito wa mwili mzima nyuma ya chuma. George Klima, Mmarekani aliyeishi nao katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, anaeleza jinsi aliyeua simba, tembo, faru au nyati kwa mkuki alivyozungushwa kwa ndugu na jamaa akapewa ng'ombe, na akavikwa mapambo ya wanawake wa ukoo wake. Mnyama wa aina hiyo alihesabiwa adui wa watu. Tembo ndiye aliyewatofautisha waziwazi na majirani zao: Wahadzabe hawamwindi, maana sumu yao haimtoshi.

Chuma cha Wabarabaig hutoka kwa ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, ambao huoana wenyewe kwa wenyewe na hukaa mbali kidogo na wengine. Mhunzi hukaa chini mbele ya mkaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na malighafi yake ni chochote kilichochakaa: misumari, vipande vya springi za magari, na kwa bangili hata kufuli na mabomba ya shaba yaliyovunjika. Hao ndio waliokuwa kiwanda cha risasi cha nchi hii yote, kwa Mbarabaig na kwa Mhadzabe pia.

Lakini mkuki nao ulipoteza kazi yake kuu, na haukupoteza kwa sababu ya bunduki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, nyanda za Basotu zilianza kulimwa ngano na shirika la serikali la NAFCO kwa msaada wa Kanada. Yakawa mashamba makubwa saba, Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Waret na Gawal, jumla kama ekari 100,000, kwenye malisho bora ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walifikisha mgogoro huo Mahakama Kuu katika miaka ya 1980. Tembo na faru hawakai kwenye ngano. Kijana wa Katesh wa leo akibeba mkuki, na wengi bado wanabeba, anafikiria fisi.

Turudi kidogo kwenye namba, kwa sababu najua wapo ambao bado wana bastola kichwani. Mwindaji mwenye leseni anayekwenda kwa nyati, simba au tembo hapa Tanzania anatakiwa kuwa na bunduki isiyopungua .375. Risasi ya bunduki hiyo hutoka mtutuni na nishati zaidi ya mara nne ya ile ya .44 Magnum. Serikali haikuweka kiwango hicho kwa kupenda makubwa. Imekiweka kwa sababu chini ya hapo mnyama hufa baadaye, na mpigaji hufa kwanza. Kwa hiyo bastola ya Keith, pamoja na sifa zake zote, ikikutanishwa na nyati wa msitu wa Marang, inasimama upande wa upinde: inaua, haizuii kwa uhakika. Tena upinde una sifa moja ambayo bastola haina, nayo ni kwamba hauamshi ndani ya mtu wazo kwamba anaweza kwenda peke yake.

Kuna jibu la tatu ambalo wapenda silaha hulisahau kwa kuwa halina silaha ndani yake. Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu walikuwa na mikuki na pinde kama watu wote, lakini ulinzi wao mkubwa ulikuwa nyumba. Tembe ilichimbiwa ubavuni mwa kilima, paa likafunikwa udongo mpaka likafanana na ardhi, na usiku ng'ombe na mbuzi walilala ndani, pamoja na wenye nyumba. Fisi alifika akakuta ukuta. Mvamizi wa Kimasai aliyetazama kutoka mbali aliona kilima. Leo mfugaji wa Haydom au Dongobesh akiniuliza anunue nini kwa ajili ya fisi, nitamwambia atumie fedha hizo kwenye zizi la miti imara na mlango unaofungika. Kwa tembo wanaoshuka mashambani, apige simu kwa askari wa wanyamapori, apande pilipili, atundike mizinga ya nyuki. Tembo hapigwi na mtu mwenye leseni ya bastola, na asiyeamini awaulize walioifyatua hewani wakakuta ameamua kuwageukia.

Katika sehemu ya tatu tutazungumzia gobore, ambalo wengi wamesubiri: limefikaje vijijini, kwa nini linapasuka mikononi mwa wenyewe, na sheria inamtaka aliyelirithi kwa babu yake afanye nini.