Elimu ya Hifadhi Isiishie Kwenye Lango la Mbuga

Mtu akisimama Nyakabanda, katika wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, haoni mnyama wa porini hata mmoja. Huona mabati yaliyosongamana, vichochoro vya ngazi, pikipiki za abiria na watu wanaozungumza Kiswahili, kama ilivyo desturi ya mitaa iliyopakana na Nyamirambo. Si ajabu basi kwamba wakazi wengi hudhani elimu ya kuhifadhi wanyama inawahusu watu wa Akagera, wa Nyungwe na wa milima ya volkeno tu. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo, na ushahidi wetu ni ndege mmoja.

Ndege huyo kwa Kinyarwanda huitwa umusambi. Ni korongo mwenye taji ya rangi ya dhahabu kichwani, yule yule aliyemo katika bendera ya Uganda. Wanyarwanda tangu zamani wamemhesabu kuwa ishara ya utajiri na maisha marefu, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Makinda yalichukuliwa kutoka mabwawani na wanakijiji maskini kwa malipo madogo, yakapita kwa wachuuzi, na mwisho yakafika katika bustani za hoteli na za watu wenye nafasi. Huko ndege alikatwa manyoya ya mabawa, au akavunjwa bawa kabisa, ili asiruke. Akiwa kifungoni ni nadra kuzaa, kwa hiyo kila kinda lililonunuliwa lilikuwa hasara isiyofidiwa. (Nyakabanda, ambako nyumba zinagusana kuta, sijui nani angepata bustani ya kumfugia korongo! Lakini wako waliofanya kazi katika bustani hizo.)

Mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, ambaye kabla ya hapo aliwatibu sokwe wakubwa wa milimani, alianzisha kampeni ya kuwarejesha korongo hao porini kwa kushirikiana na Serikali. Tunaipenda kampeni hiyo kwa sababu haikuanza na pingu. Waliofuga waliombwa, hata kwa njia ya redio, wajitokeze kuandikisha ndege wao bila ya kuadhibiwa. Korongo zaidi ya 200 walitolewa majumbani. Wenye afya walichunguzwa, wakapelekwa Akagera kujifunza upya kuruka na kujitafutia chakula.

Lakini kumtoa ndege bustanini hakufai kitu ikiwa kule bwawani kinda jingine linachukuliwa. Hapo ndipo mafunzo yalipohitajika. Katika bwawa kubwa la Rugezi, kaskazini ya nchi, walinzi wamechaguliwa miongoni mwa wanavijiji wenyewe. Hufundishwa kuhesabu ndege, kuandika taarifa, kulinda viota, na kuzungumza na jirani anayefyeka nyasi mahali pa mayai. Mlinzi wa namna hii anao ujuzi usiopatikana darasani: anamjua aliyekuwa akiuza makinda, na anajua ni shida gani iliyomsukuma. Kwa watoto wa shule kiligawiwa kitabu cha hadithi ya picha. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta korongo 487 katika Rwanda nzima. Miaka ya karibuni wamepita 1,000.

Kwa muda mrefu Afrika Mashariki ilimfundisha bwana nyama bunduki, ramani na sheria. Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kilifunguliwa mwaka 1963, na wahitimu wake wameenea barani. Hatukidharau. Lakini mwanakijiji katika masomo ya zama zile aghalabu alitajwa kama mshitakiwa. Baadaye Tanzania ilikuwa na chuo cha Likuyu Sekamaganga, mkoani Ruvuma, kwa ajili ya askari wa wanyamapori wa vijijini, na Rwanda ikaanzisha chuo cha Kitabi kando ya msitu wa Nyungwe.

Akagera inaonyesha gharama ya kuchelewa. Baada ya mwaka 1994 wakimbizi waliorudi na ng'ombe wao walihitaji ardhi. Mwaka 1997 mbuga ilipunguzwa sana, na simba wakaangamizwa. Simba 7 waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, baada ya uzio wa kilomita 120 kukamilika mwaka 2013. Uzio ulisaidia, hilo halina ubishi. Hata hivyo kijana wa kijiji cha jirani aliyefunzwa kuongoza watalii humtazama simba kwa jicho jingine, na tangu mwaka 2017 asilimia 10 ya mapato ya utalii wa mbuga hutengwa kwa miradi ya wananchi wanaozizunguka.

Turudi Nyakabanda. Miaka ya mwanzo ya 2000 Kigali ilikosa umeme mara kwa mara. Sababu moja ilikuwa kuharibiwa kwa bwawa hilo hilo la Rugezi, ambalo maji yake huingia ziwa Burera na kuendesha mitambo ya Ntaruka. Aliyekaa gizani mjini alikuwa akilipia bwawa asilolijua. Nao uchafu wetu husafiri: maji ya mvua ya mitaa hii huteremka mfereji wa Mpazi hadi Nyabugogo, yakaingia mto Nyabarongo, ambao mabwawa yake nayo ni makazi ya korongo.

Kwa hiyo tunashauri mafunzo haya yaletwe mjini. Baraza lipo tayari, yaani mkutano unaofuata umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mlinzi wa Rugezi apewe robo saa azungumze, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Kisha wakazi wapelekwe Umusambi Village, eneo la hekta 21 hapa hapa Kigali lililofunguliwa mwaka 2021. Humo wanatunzwa korongo waliotoka bustanini wakiwa na mabawa yaliyovunjika, wasioweza tena kurudi porini. Ndege wazima huja wenyewe kutoka nje, hutua kati yao, kisha huondoka.